Nani bado anaandika kadi za Krismasi kwa mkono na kufunga zawadi kwa uangalifu? Naomba tujadili

BintiMwalimu (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima zote. Kama nifanyavyo kila inapokaribia mwisho wa Novemba, juzi nilitoa daftari la marehemu baba kabatini, nikapanga kadi thelathini na nane mezani pamoja na kalamu mbili za wino, na mpwa wangu aliyekuja kunitembelea akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini najichosha namna hii ilhali simu ipo. Sikumjibu vizuri. Nimekaa na swali lake siku mbili, na nimeona nilete hapa kwa sababu jukwaa hili lina watu waliolelewa na kadi na lina vijana ambao hawajawahi kupokea hata moja.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Marangu. Barua zake zilipitia sanduku la shule, kwa kuwa kwetu hakuna anayeletewa barua mlangoni. Anayetaka barua yake huifuata mjini. Daftari lake lilikuwa la jalada gumu, na kila mwaka alilichora safu tatu: jina la mtu, tarehe aliyomtumia kadi, na tarehe aliyopokea kadi kutoka kwake. Mtu akipita miaka miwili bila kujibu, baba hakumfuta, bali aliandika pembeni kwa penseli neno "ulizia", kisha akawauliza watu wa upande ule kama mwenzake ni mzima, amehama, au amefikwa na msiba. Nilipokuwa mdogo nilidhani lile ni daftari la madeni, kwamba baba anadai kadi kama mwenye duka anavyodai fedha zake, na ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akiwatafuta walionyamaza.

Aliandika usiku, kwa taa ya chemli, na hakuzidisha kadi sita kwa siku moja. Alisema kadi ya saba huanza kufanana na ya sita. Kwa mwalimu mwenzake aliyehamishiwa Songea aliuliza habari za mguu uliovunjika; kwa padri aliyembatiza mdogo wangu alieleza mtoto amefika darasa la ngapi; kwa binamu yake wa Tanga alitaja mvua na kahawa. Picha za mbele zilikuwa zile zile za mishumaa, kengele na theluji, na sisi watoto tulipenda zenye theluji kwa kuwa tulikuwa tukiiona kileleni Kibo kila asubuhi isiyo na mawingu, tukaamini kadi hizo zilitengenezwa kwa ajili yetu.

Upande wa zawadi ulikuwa wa mama. Karatasi ya dukani yenye maua hatukuwa nayo. Mama alitunza kalenda za mwaka uliopita, zile kubwa za ukutani zenye karatasi nzito, akazifungia zawadi upande mweupe ukiwa nje. Mikunjo yake ilikuwa imenyooka kwa sababu kila Januari alitufunikia madaftari ya shule kwa karatasi ya kaki, na nadhani wengi wetu hapa tulijifunza kufunga zawadi kwa kufunika madaftari bila kujua kwamba tunajifunza. Soksi mbili ndani ya karatasi ile zilipokelewa kwa mikono miwili, zikawekwa, hazikufunguliwa mpaka mgeni ameondoka.

Sasa, mpwa wangu alisema jambo moja lililonigusa. Alisema kadi ya dukani nayo ni ya kiwandani, imechapwa maelfu, hivyo haina tofauti na picha anayoituma yeye kwa watu mia mbili kwa kubonyeza mara moja. Nimelitafakari, na nakiri kwamba historia iko upande wake. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, na aliyeiagiza, Henry Cole, alifanya hivyo kwa kuwa hakuwa na muda wa kujibu barua zote za salamu alizokuwa akipokea. Miaka mitatu kabla, 1840, Uingereza ilikuwa imeanza utaratibu wa kutuma barua popote nchini kwa peni moja, utaratibu ambao Cole mwenyewe alishiriki kuuandaa, na barua zikaongezeka kupita kiasi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya familia ikinyanyua glasi, na pembeni watu wakiwalisha na kuwavika maskini. Zikachapwa nakala kama 1,000, zikauzwa shilingi moja kila moja, bei iliyokuwa kubwa kwa mtu wa kawaida wa wakati ule. Kwa hiyo kadi ilianza kama njia ya mkato, na hilo lazima tulikubali.

Lakini angalieni kilichobaki wazi kwenye kadi ile: sehemu ya juu ya kuandika jina la anayepelekewa, na sehemu ya chini ya kuandika jina la anayepeleka. Kila kitu kingine kilichapwa. Nafasi hizo mbili hazikuweza kujazwa na mashine, na mimi naona uangalifu wote tunaouzungumzia umejificha humo. Picha ya mpwa wangu ni nzuri kuliko kadi zangu, ina rangi na muziki, ila haina mahali pa kuandika jina la mtu mmoja.

Nisijifanye mkamilifu. Miaka minne iliyopita nilinakili anwani kutoka kwenye daftari kwa haraka, nikamtumia mama mmoja wa kijijini kwetu kadi yenye "Bwana na Bibi" juu ya bahasha, miezi saba baada ya kumzika mumewe. Nilikuwa nimehudhuria mazishi. Bado inaniuma, na tangu hapo najiuliza kama kadi iliyoandikwa bila kufikiri haizidi kuumiza kuliko kutoandika kabisa.

Naomba maoni yenu, na hasa yenu mnaofikiri kwamba jambo hili ni la kupoteza muda.

MzigoWaAlfajiri

Dada BintiMwalimu, nakushukuru kwa kutuomba sisi wa upande wa pili tuseme, nami nitasema bila kukuvunjia heshima. Wahenga walituachia "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Nimepokea mikakasi mingi maishani. Nimefunguliwa boksi lenye utepe wa dhahabu ndani yake mkiwa na kikombe chenye ufa, na nimeletewa nusu gunia la mchele bila karatasi wala kadi katika mwaka ambao nyumba yangu ilikuwa haina kitu. Sihitaji kuwaambia ni ipi ninayoikumbuka kwa shukrani.

Mama yangu yuko Singida. Kila Desemba namtumia mzigo kwa basi: sukari, mafuta, sabuni, majani ya chai, kitenge, na dawa zake za miezi miwili. Fedha ambayo ningenunulia karatasi ya maua na utepe inatosha kilo nzima ya sukari. Karatasi ile itachanwa kwa sekunde kumi na kuwashia jiko. Sisemi kwamba mnaofunga mna kosa, nasema tu kwamba uangalifu kwa mtu mwenye kipato changu huonekana ndani ya boksi, na wala siamini kwamba mama yangu anapungukiwa na chochote kwa kutoona utepe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

MkasiWaKariakoo

Heshima kwenu nyote. Nimefunga zawadi kwa malipo kwa miaka kumi na moja katika duka la vyombo jirani na Mtaa wa Kongo, hivyo naomba nizungumze kama fundi, kwa kuwa naona wengi wakisema "karatasi" kana kwamba karatasi hujifunga yenyewe.

Kwanza, Krismasi si msimu wetu mkubwa. Harusi, kitchen party, ubarikio, kipaimara na mahafali hutupa kazi zaidi. Ila Krismasi ndiyo inayoleta wateja wenye haraka, nao huja tarehe 24 jioni wakitaka boksi liwe tayari kabla dereva hajageuza gari.

Kosa la kwanza ninaloliona majumbani ni karatasi kuwa kubwa mno. Mtu anaogopa isipungue, anakata ya ziada, kisha ncha zinajaa mikunjo na pembe zinavimba. Weka boksi katikati, zungushia karatasi mpaka ikutane, ongeza upana wa vidole viwili tu. Kwenye ncha zote mbili, karatasi izidi kidogo nusu ya kimo cha boksi, basi. Ukingo utakaoonekana ukunje kwa ndani kabla ya kuubandika, ili mtu asione ulipopita mkasi. Kila unapokunja, pitisha ukucha au rula juu ya mkunjo mpaka ukae. Mkunjo usiopigwa ukucha hufunguka wenyewe usiku. Mshono uwe chini ya boksi. Selotepu iwe vipande vitatu au vinne vifupi, na anayetumia kumi na tano anaficha makosa ya kipimo. Utepe wa nailoni ukitaka ujikunje kama nywele, ubane kati ya kidole gumba na ukingo wa mkasi, uvute kwa kasi moja bila kusita.

Beseni na sufuria usizilazimishe kwenye karatasi. Ziweke katikati ya nailoni angavu, inua pembe zote juu, kusanya shingo, funga utepe. Kitu cha mviringo kikifungwa kwa karatasi huwa kama mtoto aliyevishwa koti la baba yake.

La pili ni bei. Ondoeni bei, nawasihi. Kibandiko kikiwa kwenye kioo au plastiki, usikikwangue kwa kisu. Paka mafuta ya kupikia kidogo, subiri dakika chache, kitatoka na gundi yake.

Ndugu MzigoWaAlfajiri, nakuelewa, na sitabishana na mtu anayemnunulia mama yake dawa. Ila nitakueleza nilichokiona. Alikuja mzee mmoja na chupa ya chai aliyoinunua duka la jirani, chupa ya kawaida kabisa, akataka niifunge kwa ajili ya mkewe. Nikatoa karatasi yenye watu wa theluji. Akakataa, akasema mkewe atauliza hao ni nani. Nikatoa nyekundu tupu, akasema ni rangi ya hatari. Ya tatu ilikuwa ya kijani yenye majani madogo, akaigusa, akaniambia inafanana na shamba lao la chai lililokuwa Lushoto. Alikaa pale karibu nusu saa kwa zawadi ya bei ndogo, na katika nusu saa hiyo hakuwa na mtu mwingine kichwani ila mkewe. Hicho ndicho ninachokiona nikifunga, na nina hakika hakimo ndani ya chupa.

Ukindu

Assalamu alaykum kwa wenye kuipokea, na salamu njema kwa wote. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, Krismasi si sikukuu yangu, ila majirani zangu wanaoisherehekea huniletea sahani nami huwaletea yangu siku ya Idi, kwa hiyo sidhani kama ni mgeni katika mazungumzo haya.

Kwetu sahani haitoki nyumbani bila kufunikwa kawa. Wasiolijua, kawa ni kifuniko cha ukindu uliosukwa na kutiwa rangi, chenye umbo la pia, na mwanamke hulisuka kwa wiki kadhaa ili lipite barabarani kwa dakika tano mikononi mwa mtoto. Mkononi mwa mtoto yule, anayekutana naye haoni chakula, anaona kawa, na anajua limetoka nyumba gani kwa mpangilio wa rangi zake. Kazi ya kawa ni kuzuia nzi na kutunza joto, hilo ni kweli, lakini kwa kazi hiyo sufuria lililopinduliwa lingetosha. Na likirudi kwa mwenyewe, halirudi na sahani tupu. Huwekwa japo limau tatu.

Ninalotaka kuwaletea zaidi ni kanga. Dada mleta mada amesema uangalifu umejificha kwenye nafasi mbili za majina. Naomba aiangalie kanga kwa jicho hilo. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalochaguliwa kwa tabu kuliko vyote. Tangu enzi ambapo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu mpaka leo, mwanamke anayempelekea mwenzake doti ya kanga husoma kwanza, kwa kuwa kanga yenye jina baya inaweza kuvunja udugu ambao rangi nzuri haiwezi kuurudisha. Mama yangu alikuwa akifungia zawadi nyingine ndani ya kanga yenyewe: vikombe sita, udi, na kopo la halua, vyote ndani ya upande mmoja wa kanga uliofungwa fundo juu, na jina likiwa limekaa mbele ambapo mpokeaji atalisoma kabla ya kufungua. Kadi, karatasi na zawadi vilikuwa kitu kimoja, na hapakuwa na kilichotupwa jikoni. Wajapani nao wana vitambaa vyao vya mraba vinavyoitwa furoshiki, vinavyofungiwa zawadi kwa mafundo ya namna nyingi, kisha mara nyingi kitambaa hurudishwa kwa mwenyewe. Mwaka 2006 waziri wao wa mazingira wa wakati huo, Yuriko Koike, alivitangaza upya ili kupunguza mifuko ya plastiki. Nilipoona picha zake nilimkumbuka mama.

Kuhusu ile bahasha ya "Bwana na Bibi", dada yangu, naomba utuambie yule mama alifanya nini. Umetuachia njiani.

NjiwaWaNakuru

Hamjambo, ndugu zangu wa upande wa kusini. Kenya tuna kadi nyingine ambayo kwa maoni yangu ilitufunza uangalifu zaidi ya kadi ya Krismasi, nayo ni kadi ya kumtakia mtahiniwa heri, ambayo kila mtu huku huiita sakses kadi. Kuanzia Septemba wachuuzi walikuwa wakizitandaza kwenye kamba kando ya barabara, karibu na posta kila mji: zenye wachezaji wa kandanda, zenye maua, nyingine kubwa kama sinia, nyingine zikilia muziki ukizifungua. Mtoto alijua shangazi yake amemfikiria kwa kuona kama alichagua mchezaji wa timu yake au wa timu pinzani.

Mimi ni mwalimu katika shule ya bweni, na yafuatayo nayasema kwa uchungu. Kadi zilipofika, majina yalisomwa mbele ya shule nzima wakati wa gwaride. Wapo walioitwa mara ishirini, na wapo ambao hawakuitwa hata mara moja kuanzia Septemba mpaka mtihani ukaisha. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwona kijana mmoja akiokota bahasha tupu ya mwenzake, akainyoosha, akaiweka katikati ya kitabu chake. Tangu mwaka huo huwauliza walimu wa mabweni majina ya wasiopata, nami huwaandikia. Si kadi kubwa, ni karatasi ya manila niliyoikunja mara mbili, ila naandika jambo moja ambalo nimeliona kwa mtoto huyo na si kwa mwingine: kwamba Fulani huwahi kufungua madirisha ya darasa kabla ya wenzake, kwamba Fulani ana hati nzuri anapoandika hesabu. Kwa hiyo nakubaliana kabisa na marehemu mwalimu wa Marangu kuhusu kadi ya saba. Nikifika ya saba na nikajiona naandika "nakutakia kila la heri" bila kitu kingine, naacha mpaka kesho.

Nawakumbusha pia kwamba kadi ya kwanza kabisa ya UNICEF, mwaka 1949, ilitokana na picha ya msichana wa miaka saba wa Czechoslovakia aliyeitwa Jitka Samková, aliyechora kushukuru kwa msaada ambao kijiji chao kilipata baada ya vita. Alichora juu ya kipande cha kioo kwa sababu hapakuwa na karatasi. Ndugu MzigoWaAlfajiri amesema jambo hili linategemea kipato. Mimi naona mtoto yule hakuwa na hata karatasi.

MzigoWaAlfajiri

Mwalimu, nimekusoma na nimenyamaza kidogo. Bado nasimama na sukari yangu. Ila niseme kitu ambacho sikukisema mwanzo kwa kuwa sikukiona kuwa na uhusiano na mada.

Mzigo wa mama siutupi tu kwenye basi. Sukari naiweka ndani ya mifuko miwili, kwa sababu mwaka mmoja ilifika ikinuka sabuni na chai yote ya sikukuu ikawa na ladha ya kufulia. Sabuni inakaa upande wake, imezungushiwa gazeti. Dawa zinakaa katikati ya kitenge ili zisivunjike. Kisha naingiza vyote kwenye kiroba, nakishona mdomo kwa shazia na uzi wa katani, mishono ya karibu karibu, kwa kuwa ya mbali mbali hufumuliwa njiani. Jina la mama na namba ya simu ya jirani yake naviandika kwa wino mzito pande zote mbili, kwa herufi kubwa, maana mama hasomi vizuri lakini jina lake analijua na hupenda kulitafuta mwenyewe kwenye lundo la mizigo pale stendi. Kondakta mmoja aliniambia kwamba huwa hamruhusu mtu amsaidie kulitafuta.

Kazi hiyo hunichukua usiku mzima wa tarehe 18 au 19. Sijui kama inahesabika katika mnayoyazungumza.

MkasiWaKariakoo

Ndugu yangu, inahesabika, na kwa mishono hiyo ningekuajiri kesho.

BaridiYaLeeds

Nawasoma kutoka Uingereza, ambako niko mwaka wa tisa. Huku kadi bado zinaandikwa, lakini naomba msizipambe kupita zilivyo. Ofisini mtu hununua boksi la kadi zinazofanana, huandika jina langu juu na lake chini, na huiacha mezani kwangu bila neno lingine, ingawa tumeketi mita mbili mwaka mzima. Mwaka wa kwanza nilizipanga zote dirishani kwa furaha. Mwaka wa tatu nilijua kwamba asiyepewa ndiye anayeonekana, na kwamba wengi huandika ili wasionekane wamesahau. Nafasi zile mbili alizozisema dada BintiMwalimu zinajazwa, na bado hakuna kitu. Kwa hiyo sikubali kwamba jina pekee linatosha. Kadi niliyoitunza ni ya mlinzi wa jengo letu aliyeniandikia kwamba alikuwa akingoja kusikia salamu yangu kila asubuhi ya zamu yake.

Upande wa karatasi, watafiti watatu wa Marekani, wawili wao wa chuo kikuu cha Nevada huko Reno, walichapisha utafiti mwaka 2019 ulioonyesha kwamba zawadi iliyofungwa ovyo kutoka kwa rafiki hupendwa zaidi ya ile iliyofungwa kwa unadhifu, kwa kuwa unadhifu hupandisha matarajio na kilichomo hushindwa kuyafikia. Kwa mtu ambaye hamjazoeana ilikuwa kinyume, unadhifu ulichukuliwa kama ishara kwamba anauthamini uhusiano. Zawadi zenyewe zilikuwa vikombe vyenye nembo za timu za mpira wa kikapu. Fundi wa Kariakoo atasemaje?

Na jambo moja kuhusu taka, kwa kuwa Januari huku mapipa hufurika: karatasi yenye chenga za kung'aa na ile inayofanana na foili haiwezi kurejelezwa. Ifinyange mkononi, ikibaki imefinyangika ni karatasi, ikifunguka yenyewe ni plastiki.

MkasiWaKariakoo

Nasema kwamba vikombe vya timu si chupa ya yule mzee wa Lushoto. Katika utafiti huo, kama ulivyoueleza, aliyepewa alikuwa akikipima kikombe. Mke wa yule mzee hakuwa na haja ya kupima chupa ya chai, alikuwa na miaka yake pamoja na aliyeileta. Ila la taka nalichukua. Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nimeona wateja wengi wakitaka mifuko ya karatasi ya kaki, nayo ukiipiga mhuri wa jani au ua kwa rangi moja inapendeza kuliko ya kung'aa.

BintiMwalimu (mleta mada)

Nimewasoma wote mara mbili, na nawashukuru kwa namna mlivyozungumza. Ndugu wa Leeds amenirekebisha, nami nakubali. Niliposema majina mawili nilikuwa nikiifikiria kadi ya baba, ambayo jina lilifuatwa na mguu uliovunjika, na nikasahau kwamba jina linaweza kuandikwa na mtu asiyekuwa akimwona mwenye jina. Bahasha yangu ya "Bwana na Bibi" ilikuwa na jina sahihi, anwani sahihi, hati nzuri na stempu iliyonyooka, na ilikuwa ya mtu niliyekuwa sikumtazama wakati nikiandika. Ndugu MzigoWaAlfajiri anayeandika kwa herufi kubwa ili mama yake apate kulitafuta jina lake mwenyewe amefanya zaidi yangu, tena kwenye kiroba, na namwomba asiseme tena kwamba yuko upande wa pili.

Ukindu, dada yangu, umeuliza yule mama alifanya nini. Hakufanya kitu. Hakunipigia simu, hakumwambia mtu yeyote ninayemjua. Desemba iliyofuata ilikuja kadi kutoka kwake, na chini ilikuwa na jina lake peke yake, limeandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka alama zikatokea upande wa pili. Nilikwenda kwake Januari na kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia bahasha yangu ameiweka, kwa kuwa tangu mazishi hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaandika wawili pamoja. Sikujua nimjibu nini, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinisamehe au akinieleza tu jambo lililotokea.

Mpwa wangu amesoma uzi huu wote. Jana aliomba kadi moja, akaketi karibu saa nzima akimwandikia mwalimu wake wa kemia, akaharibu ya kwanza, akaomba ya pili. Nilimwachia. Mimi nilianza na ya yule mama, kwa jina lake pekee, nikamweleza kwamba mti wa parachichi alionipa mche wake umeanza kuzaa. Safari hii kabla ya kuandika bahasha nilimpigia simu kuuliza kama anwani ni ile ile. Amehamia kwa mwanawe Arusha tangu Agosti. Nimebadilisha kwenye daftari, kwa penseli, chini ya mwandiko wa baba.